Mdogo wangu, kabla hujawashiwa mshumaa

Mdogo wangu mpendwa,

Mbukwa! Mama ameniambia mwezi ujao mnakula kiapo chuoni. Nimefurahi mno. Mtashika mishumaa, mtatajiwa muuguzi Mwingereza Florence Nightingale na taa yake kule hospitali ya Scutari, Uturuki, alikouguza askari wa Vita ya Crimea. Naomba umjue pia Nightingale wa baada ya taa, maana ndiye atakayekufaa huku Kongwa.

Vita hiyo ilimrudisha Uingereza mgonjwa, akawa mtu wa kitandani kwa miaka mingi. India, iliyotawaliwa na Waingereza, hakuwahi kuikanyaga. Lakini tume ya kuchunguza afya ya jeshi la huko ilipoundwa mwaka 1859, aliandaa fomu za maswali zikapelekwa kambini: maji mnachota wapi, maji machafu yanapita wapi? Majibu yakamjia mafungu kwa mafungu, akayachambua. Ripoti ya 1863 ilionyesha kwamba kila mwaka walikufa wanajeshi 69 katika kila 1,000, wengi kwa maradhi, si kwa risasi. Kambi zikaanza kurekebishwa. Miaka kumi baadaye aliandika kuwa vifo vimeshuka hadi 18.

Wakoloni walijali askari wao, kwa hiyo angeweza kuishia hapo. Akageukia wanavijiji. Njaa ya 1876 hadi 1878 ilipoua mamilioni, alidai mifereji ya umwagiliaji na kuwasema wakopeshaji waliowakamua wakulima. Aliamini utawala ule unarekebishika. Hapo mimi na yeye tunaachana, maana Wagogo tunaikumbuka njaa ya Mtunya: kwenye Vita ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wetu, mvua nayo ikagoma, watu wakateketea.

Juzi alfajiri nilipita korongoni. Binti amefukua mchanga hadi mkono umezama kwenye kiwiko, anasubiri maji yajikusanye, anachota kwa kata, anamimina. Ndoo ya lita 20 ilimla karibu saa nzima. Mgongoni kambeba mdogo wake, nzi wamemjaa machoni. Siku moja utaletewa mtoto kama huyo ana vikope, ule ugonjwa wa macho. Utampa dawa, atapona, atarudi tena na vikope vilevile, kwa sababu maji ya ndoo ile hayafiki kwenye uso wake.

Basi ukipangiwa zahanati, wiki ya kwanza zungukia kaya. Uliza maji yanatoka wapi, choo kipo, watoto wangapi wanaumwa macho. Andika, mpelekee mtendaji wa kijiji, asipojibu mpelekee tena. Nimekununulia daftari kubwa la jalada gumu. Nitalituma kwa basi la Ijumaa.

Dada yako