Malengo mapya ya dunia, safari hii mtuulize na sisi wa pwani

Mhariri shkamoo. Mi ni mchuuzi wa samaki hapa Tanga, gazeti lako nalisoma la kuazima kwa jirani, usinichukie.

Mwaka 2000 wakubwa wa dunia kule Umoja wa Mataifa walitupatia malengo 8 ya maendeleo, yakaisha 2015, wakakaa tena New York wakaja na 17 yenye vipengele 169, nchi 193 zikakubali, mwisho wake 2030 ambayo haiko mbali na najua watakaa tena waandike mengine. Sasa jamani 169 nani anavikumbuka? Mi nayajua mawili tu, la 6 la maji na la 14 la bahari, kwa sababu ndo kazi yangu.

Hilo la 14 lilitaka uvuvi wa kuharibu uishe ifikapo 2020. Huku kwetu watu tulishazoea mlio wa baruti asubuhi, unamjua samaki wake ukimshika tu, nyama teketeke na mfupa umeachana. Lina pia kipengele kinasema wavuvi wadogo wapate bahari na soko, maneno matamu kweli, ila mi nikikosa barafu saa nne changu wangu anaanza kulegea macho namuuza bei ya kutupa, na maji ya kumuoshea nanunua kwa ndoo.

Naomba wakiandika mapya yawe machache, halafu kabla hawajapanda ndege waje hata siku moja alfajiri mashua zikiingia. Viatu wavue, pana matope.

Mchuuzi, Tanga