Barua ya wazi kwa Mkuu wa Zimamoto: stika haizimi moto

Mheshimiwa Mkuu,

Mimi ni msimamizi wa usalama wa majengo, na wakaguzi wako wakija ni mimi ninayewapokea. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa watu wengi wanaopita kila siku mbele ya mtungi wa kuzimia moto uliotundikwa ukutani na kuamini kwamba uko tayari.

Muda wa huduma ukifika, ubishi huwa ni ule ule: tujaze upya au tununue mipya? Muuzaji atakwambia mtungi wa zamani ni bomu. Fundi atakwambia chuma hakifi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa maoni yangu, mtungi mzima wenye valvu ya chuma unastahili kujazwa upya, tena zaidi ya mara moja, mradi anayeujaza ameufungua. Hapo kwenye kufungua ndipo mambo yanapoharibika, na ndipo ninapoomba mkono wako.

Kuna fundi aliletwa kwenye jengo nililokuwa nalisimamia na kampuni iliyoshinda zabuni. Alifuta vumbi, akatupia geji jicho, akabandua stika ya zamani na kubandika mpya iliyosema mtungi umejazwa upya, akasaini, akahamia wa pili. Lakiri ya plastiki kwenye pini ilikuwa ile ile ya mwaka uliotangulia, imepauka kwa jua. Nilipohoji nikajibiwa: sindano iko kwenye kijani, kuna haja gani ya kufungua? Baadaye mkaguzi wako alipita, akasoma tarehe kwenye stika, akaweka alama ya vema, akaondoka. Simlaumu. Aliagizwa asome tarehe, naye akaisoma.

Haja ya kufungua ipo. Geji hupima presha ya gesi, basi; habari za poda haina. Ndani ya mtungi wa poda kuna naitrojeni iliyoshindiliwa, ambayo kazi yake ni kuisukuma poda ipande kwenye mrija wa ndani na kutoka. Poda ikishika unyevu, au ikitikiswa miaka na miaka ndani ya gari mpaka ikajipakia chini, hugeuka bonge, na sindano itaendelea kukaa kwenye kijani. Siku ya siku unavuta pini, unabana mkono wa valvu, gesi inatoka fyuuu, na poda imekaa kitako pale chini.

Mtungi wa kaboni dayoksaidi ndio hauna hata geji. Sehemu kubwa ya gesi yake iko katika hali ya kimiminika, na maadamu kimiminika kipo, presha haionyeshi kiasi kilichobaki. Kinachosema kweli ni mizani: gesi ikipungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mtungi ujazwe. Fundi anayekuja kuhudumia mitungi ya aina hiyo bila mizani amekuja kutembea.

Kujaza kwa haki kuko hivi. Presha inatolewa kwanza, kisha valvu. Poda inamwagwa na kuangaliwa kama ina mabonge. Mrija unapulizwa, springi inakaguliwa, ringi ya mpira inayoziba shingo inabadilishwa, na tochi inamulikwa ndani kutafuta kutu. Poda inayorudi hupimwa kulingana na uzito ulioandikwa kwenye lebo, na lazima iwe ya aina ile ile. Poda ya ABC, ambayo ni ya fosfeti, ikichanganyikana na ya BC, ambayo ni ya bikaboneti, kisha unyevu ukaingia, zinamenyuka: mchanganyiko unaganda, gesi inazalishwa, na presha inapanda ndani ya chuma kilichofungwa. Halafu naitrojeni kavu. Wapo wanaosukumia hewa ya kompresa, hii ya kujazia matairi, wakati ndiyo inayobeba unyevu tunaoukimbia. Mwisho shingo inapakwa maji ya sabuni kuona kama inavuja.

Kazi hiyo haifanyiki kwenye korido huku watu wakipita. Mitungi lazima iende karakana, na ukuta hauwezi kubaki mtupu siku zote hizo. Kanuni imtake fundi aache mitungi ya badala. Hilo tu lingewachuja wengi wa wale wa stika.

Tusijifanye hatuna pa kuanzia. Mwongozo wa NFPA 10 wa Marekani unataka mtungi wa poda wenye presha ya kudumu umwagwe na kukaguliwa ndani kila baada ya miaka 6, na kupimwa uimara kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 12. Wa kaboni dayoksaidi hupimwa hivyo kila baada ya miaka 5. Uingereza, kwa kiwango chao cha BS 5306, huduma ya kina ya mitungi ya poda na ya maji ni kila miaka 5, na ya kaboni dayoksaidi miaka 10. Vipindi vinatofautiana, lakini hakuna kati yao anayekubali kwamba geji inatosha.

Kununua mpya nako kuna mahali pake. Ile midogo ya kutumika mara moja haijazwi, na NFPA 10 inataka iondolewe ikitimiza miaka 12 tangu kutengenezwa. Mtungi uliobonyea kwenye maungio, uliochimbwa na kutu kitakoni, uliopitiwa na moto au ambao nyuzi za shingo zimekwisha, hauna mjadala. Na tuseme ukweli: kwa mitungi midogo, gharama ya kufungua na kujaza ipasavyo mara nyingi huikaribia bei ya mpya, kwa hiyo atakayenunua hajakosea. Ila ule mzima uliobanwa hata sekunde 2 tu kwa kujaribu, tafadhali, urudi karakana. Chembe za poda hunasa kwenye valvu na presha huvuja polepole, hata kama leo sindano inapendeza.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni kwamba stika peke yake isihesabiwe tena kuwa ushahidi wa huduma. Penye madai ya kujazwa, mkaguzi atafute pete ya shingoni, ile isiyoweza kuvishwa mpaka valvu itolewe, yenye mwezi na mwaka. Aulize uzito kabla na baada. Aangalie tarehe ya kipimo cha shinikizo. Na mara mojamoja achague mtungi mmoja bila taarifa, upelekwe karakana ukafunguliwe mbele yake na mbele ya fundi aliyeusainia.

Bado kuna mitungi iliyokataliwa. Nimeirundika ghalani na sithubutu kuitoa, kwa kuwa mtungi mbovu ukipigwa rangi nyekundu na kubandikwa lebo hurudi sokoni ukiitwa mpya. Wekeni utaratibu wa kuitoa presha, kuitoboa na kuiandikia hati, na mtuambie tuipeleke wapi. Yangu iko tayari kuchukuliwa hata kesho.

Wako katika kazi,
Msimamizi wa usalama wa majengo