Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tupeni muuguzi wa tiba shufaa

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Tanga kwa heshima zote kuomba muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mtu mwenye ugonjwa mzito, ila uvumilivu umeniishia.

Wiki iliyopita, katika hospitali moja ya huku, muuguzi alimwambia mdogo wangu mbele ya wodi nzima: "Wewe si ulishapelekwa Dar? Sisi tukufanyie nini?" Tangu siku hiyo amegoma kumeza dawa.

Ana saratani ya mlango wa kizazi. Mionzi alipata, nashukuru. Lakini hakuna aliyemkalisha chini akamweleza kuwa hedhi ingekoma, uke ungebana, tendo la ndoa lingeuma, na kwamba yako mambo ya kufanya kupunguza hayo. Mumewe alidhani anakataliwa, akaondoka. Ndoa imevunjika, Mheshimiwa, kwa kukosa maelezo ya nusu saa.

Halafu ile harufu ya uchafu unaotoka ukeni kwa saratani hii. Naitaja bila haya kwa sababu ndiyo inayowafungia wanawake hawa chumbani. Metronidazo, dawa ya bei ndogo, huipunguza mgonjwa akielekezwa namna ya kuitumia. Maumivu makali yana mofini ya maji. Nani amwelekeze?

Wapo wasemao kumpa mgonjwa matumaini ni kumdanganya. Sikubali kabisa. Mdogo wangu anaijua hali yake. Anachotaka ni kumwona binti yake akimaliza darasa la saba. Muuguzi aliyefunzwa angemuuliza hilo, kisha wangelipanga pamoja: dawa anywe saa ngapi ili siku ya mahafali aweze kukaa kitini, avae nini asichafuke, nani amshike mkono.

Nahisi wauguzi ni wachache mno. Anayebeba wodi nzima usiku peke yake huishiwa hata na neno zuri. Labda pia hawakufundishwa kazi hii.

Tangu 2018 mnawachanja mabinti zetu dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, na ni jambo jema. Lakini mwaka 2020 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, yetu ikiwemo, zilikubaliana pia kwamba ifikapo 2030, wanawake 90 katika kila 100 watakaogundulika na ugonjwa huu wapate matibabu na matunzo. Mabinti wanachanjwa. Mama zao je?

Naomba muuguzi wa tiba shufaa, Mheshimiwa. Muheza, Pangani, Korogwe, Lushoto, Handeni, kila hospitali ya wilaya apatikane mmoja. Mmoja tu, mwenye muda wa kukaa na mgonjwa.

Mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Naomba awe amefika kabla ya hapo.

Dada wa mgonjwa,
Tanga