Mhariri, Chicago mmeiandika nusu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu Muheza, enzi nakala moja ikizunguka nyumba nne mpaka kurasa zinachakaa, na sasa nalisoma kwenye simu nikitoka zamu ya usiku hapa Chicago. Miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia. Lakini ile habari yenu ya Jumapili, kwamba watu weusi na Walatino wa Marekani (wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini) hawapikiki chungu kimoja na kwamba umoja wao wa kisiasa ni maneno ya majukwaani tu, leo ni siku ya nne na bado imenikaa kooni.

Mwandishi wenu kauchukua ugomvi wa 2023 kuhusu wahamiaji wa Venezuela walioletwa kwa mabasi kutoka Texas, akaufanya ndiyo historia nzima. Ugomvi ulikuwepo, sikatai. Watu wa Woodlawn, mtaa wa watu weusi hapa Chicago, walikasirika kuona jengo la shule ya Wadsworth likifunguliwa ili wahamiaji walale, wakati shule ile ilikuwa miongoni mwa takriban 50 zilizofungwa mwaka 2013, nyingi zikiwa mitaa ya watu weusi, kwa maelezo kwamba wanafunzi ni wachache na bajeti ina pengo. Mzazi aliyeambiwa miaka kumi kwamba hela hakuna, kisha akaona taa zinawashwa, ana haki ya kuuliza. Swali lake lilikuwa kwa jiji. Nyie mkaliandika kana kwamba anamuuliza mama aliyelaza mtoto sakafuni.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba habari ndefu namna ile haikumtaja Harold Washington hata mara moja. Februari 1983, alipogombea umeya kwenye mchujo wa chama cha Democratic, Walatino wengi walikuwa hawajamwamini. Watu kama Rudy Lozano, mratibu wa chama cha wafanyakazi, wakawa wanawashawishi watu wa mitaa yao, na Aprili kura za Walatino zikamwelekea Washington kwa wingi. Akawa meya wa kwanza mweusi wa jiji hili kwa tofauti ya takriban kura 48,000. Lozano mwenyewe aligombea udiwani mwaka uleule, akakosa kuingia duru ya pili kwa kura 17, na Juni akapigwa risasi nyumbani kwake akafa, ana miaka 31. Maktaba ya Pilsen, mtaa wa Walatino hapa jijini, ina jina lake. Washington naye alikuta madiwani 29 kati ya 50 wameshikana kumkwamisha kwa kila jambo. Kilichowavunja ni ramani. Mahakama ya shirikisho iliona mipaka ya kata imechorwa kwa kuzipunguzia nguvu kura za weusi na Walatino, na mwaka 1986 uchaguzi ukarudiwa katika kata saba. Wakaingia akina Jesús García na Luis Gutiérrez, baraza likawa 25 kwa 25, na panapokuwa sare kura ya meya ndiyo inaamua. Bila viti vile vya Walatino meya mweusi angemaliza muda wake amefungwa mikono. Hili halihitaji utafiti wa miezi, Mhariri. Mzee yeyote wa mtaani kwetu angemsimulia mwandishi wenu.

Sasa nieleze langu. Aprili 2015 nilikuwa napiga kura yangu ya kwanza, uraia nimeapa mwaka uliotangulia. Ilikuwa duru ya pili ya umeya, kati ya Rahm Emanuel aliyekuwa meya na huyohuyo García. Nimetoka kazini na sare yangu, miguu imevimba, nafika mezani naambiwa jina halimo. Naonyesha kitambulisho, naambiwa tena halimo, rudi nyumbani utaandikiwa barua. Nyuma yangu alikuwa jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Michoacán, Meksiko, Kiingereza chake cha kuokoteza. Akaweka mkoba wake juu ya meza, akakataa kusaini kwake mpaka langu litafutwe. Akasema: tafuteni majina yake yote, moja moja. Wakatafuta. Mimi ni Mwanaidi; daftari lilikuwa limenikata vipande viwili, Mwana ni jina langu na Idi ni ukoo wangu, na ukoo wangu wa kweli haupo kabisa. Nilikuwa nimekaa kwenye herufi I. Nilipomuuliza amejuaje, akaniambia Wameksiko wana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na miaka yote madaftari yanalipoteza moja. Halafu akachukua karatasi yake ya kura ya Kihispania akaenda zake. Karatasi ile ipo kwa sababu mwaka 1975 Sheria ya Haki za Kupiga Kura iliongezewa kifungu cha lugha, na mmoja wa waliolipigania jambo hilo bungeni ni Barbara Jordan, mwanamke mweusi wa Houston. Hayo ndiyo mnayoyaita maneno ya majukwaani.

Ni kweli mwaka 2015 kata za weusi zilimpa Emanuel ushindi. Lakini aliyemwomba García agombee alikuwa Karen Lewis, mwanamke mweusi aliyeongoza chama cha walimu, baada ya yeye mwenyewe kuugua uvimbe wa ubongo. Na 2023 García aliposhindwa duru ya kwanza, alimuunga mkono Brandon Johnson, mtu mweusi, na Johnson akashinda. Watu hawa wanakosana, wanapatana, wanarudi mezani. Andikeni na kupatana.

Na sisi Waswahili wa hapa tusijifiche nyuma ya mwandishi wenu. Mikutano yetu ni michango ya misiba na sherehe za harusi, na ukitaja kura unaambiwa hayo ni mambo ya wenyeji. Wenyeji gani? Watoto wetu polisi wakiwasimamisha barabarani hawaulizi kama ni wa Tanga au wa Mississippi. Wapo ndugu zetu Wakongo, wengine wana uraia miaka kadhaa, hawajajiandikisha kwa sababu hakuna aliyekaa nao akawaeleza kwa Kiswahili, na Illinois inaruhusu kujiandikisha hata siku yenyewe ya kura!

Kwa hiyo naomba hivi. Uchaguzi wa meya ni Februari 2027. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, tangu sasa, tengeni robo ukurasa, kwa herufi za kusomeka bila miwani, mweleze nani anaruhusiwa kujiandikisha, aende na vitambulisho gani, na afanye nini jina lake lisipoonekana. Na chama chetu cha Waswahili, kabla ya kusoma orodha ya michango, kitoe dakika kumi na tano, fomu ishirini za kujiandikisha na kalamu nyeusi. Jirani yangu amekubali kuja kusaidia mezani. Mimi nitatafsiri.

Mwanaidi
Chicago