Tarehe ya mama irekebishwe kabla faili halijaunganishwa na NIDA

Ndugu Mhariri,

Mama yangu alianika singa za mkonge hapa Muheza tangu usichana wake mpaka magoti yalipokataa. Ncha za vidole vyake zimelika, ukizipapasa ni laini kama karatasi. Mwanzoni mwa 2020, laini za simu zilipokuwa zikisajiliwa kwa alama za vidole, wakala alimfuta mikono kwa kitambaa, akampaka mafuta, akajaribu vidole vyote kumi. Mashine ikakataa. Laini yake hadi leo ina jina la mjukuu.

Wazo la kuunganisha kumbukumbu za matibabu na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, naliunga mkono, hasa sasa ambapo tuna sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023. Mama ana presha na sukari. Mwaka jana alizidiwa akiwa kwa mdogo wangu Dar es Salaam, na daftari lake la kliniki lilikuwa limebaki huku, chini ya godoro. Daktari akamuuliza anatumia dawa gani. Mama akajibu, "Vile vidonge vyeupe, vidogo."

Lakini namba ile ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ya mama inaanza na 19680701. Hana cheti cha kuzaliwa. Tarehe hiyo tuliikadiria sisi wanawe. Aliyempeleka kuandikishwa ni kitinda mimba wetu, wala hakukumbuka kwamba kaka yetu mkubwa alizaliwa 1975. Kwa hesabu hiyo mama alijifungua akiwa na miaka saba! Leo kwenye dirisha la wazee wanampokea kwa kumwona tu, na kwa barua ya mtendaji. Kompyuta ikipewa neno la mwisho itasema hajafika miaka 60, na msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza utampita.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisahihishwe. Naomba maombi hayo yapokelewe zahanati, palepale faili linapofunguliwa, kwa sababu mgonjwa wa magoti hawezi kupanda bodaboda kila wiki kufuatilia. Na asiyesomeka vidole asirudishwe nyumbani. Muuguzi wa zahanati yetu anamjua mama, dawa zake na watoto wake wote. Neno lake litoshe kumfungulia faili.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga