Nyumba za kona na nguvu iliyokaa upande mmoja

Mhariri,

Ghorofa nyingi zinazoinuka siku hizi kwenye kona za barabara hapa Malindi zina sura moja. Pande mbili za nyuma, zinazopakana na jirani, zimezibwa kwa ukuta wa mawe toka chini hadi juu. Pande mbili za mbele ni maduka, yaani nguzo na milango ya chuma, basi. Ngazi nayo imesukumwa pembe ya nyuma isije ikala nafasi ya duka. Mwenye mali anataka kodi, simlaumu. Ila nimefunga nondo na kusimamia mafundi miaka ishirini, na umbo hili hunikosesha raha nikifikiria tetemeko la ardhi.

Zege lenyewe huenda likawa zuri. Tetemeko huisukuma nyumba kwa ubavu, na msukumo huo huangukia pale uzito ulipo, karibu na katikati ya sakafu. Vinavyokataa kusukumwa ni zile kuta na chumba cha ngazi, na vyote vimejazana nyuma. Tazama mashua iliyofungwa kamba omo peke yake. Upepo ukiipiga ubavuni, omo hubaki na tezi huzunguka. Nyumba ya kona ni vivyo hivyo. Nguzo ya pembe ya barabarani, iliyo mbali kuliko zote na aghalabu nyembamba ili duka lionekane, ndiyo inayokwenda masafa marefu zaidi, tena hupindwa pande mbili kwa mpigo mmoja.

Managua, mji mkuu wa Nicaragua, ilitikiswa usiku wa manane tarehe 23 Desemba 1972. Benki mbili zilikuwa karibu karibu. Banco de América, ghorofa 18, kuta zake za lifti zilipangwa katikati kwa usawa, na ilisimama vizuri. Banco Central, ghorofa 15, lifti na ngazi zake zilikuwa upande mmoja. Ilijisokota ikaharibika vibaya. Ile fupi ndiyo iliyoumia! Na Mexico City mwaka 1985, nyumba za kona zilikuwa nyingi mno miongoni mwa zilizoporomoka.

Najua nitajibiwa kwamba Pwani hakuna matetemeko. Lile la 12 Agosti 2020 lilianzia baharini upande wa Tanzania, ukubwa wake kama 6, na Mombasa lilisikika. Lile la Subukia, kwenye Bonde la Ufa, mwaka 1928 lilikuwa kubwa zaidi, ila huko ni bara na watu wetu hawatishiki na ya bara.

Ninachoomba kwa wanaopitisha ramani kwenye kaunti ni kidogo. Watie alama katikati ya sakafu, watie nyingine pale kuta ngumu zilipojikusanya, kisha wapime kwa rula. Zikiwa mbali, ramani irudi kwa mwenyewe. Dawa yake si ngeni: kipande cha ukuta wa zege wenye nondo kila upande wa barabara, katikati ya duka na duka, na ringi za nguzo, yaani zile pete za chuma zinazozifunga nondo, zikaribiane juu na chini ya nguzo.

Kuna mwenye nyumba mmoja nimembembeleza hivyo tangu msingi. Nguzo ya kona amekubali tuinenepeshe. Ukuta bado tunabishana, maana anasema utamlia nusu ya mlango wa duka.

Fundi msimamizi,
Malindi