Risala ya waelimishaji rika wa Mbagala kwa mgeni rasmi: zile wiki za mwanzo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mganga Mfawidhi,
Masheikh na wachungaji mliofika,
Ndugu wahitimu, wazazi na majirani,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Nawe, Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuvumilia foleni ya Barabara ya Kilwa ukaja kukaa nasi chini ya turubai hili. Karibu sana Mbagala.

Kikundi chetu ni cha watu wanaoishi na VVU pamoja na majirani wanaotuunga mkono. Tuko 34. Tunakopeshana, tunawafuata nyumbani wenzetu walioacha dawa, na leo 12 kati yetu wanahitimu mafunzo ya uelimishaji rika. Mengine yamo kwenye taarifa uliyokabidhiwa, sitayarudia. Wenzangu wamenituma jambo moja tu, zile wiki za mwanzo baada ya mtu kuambukizwa VVU, nami nimeomba nilieleze kwa yaliyonipata mwenyewe.

Mimi ni mchuuzi wa samaki pale Feri. Mwezi wa saba mwaka 2013 nilishikwa na homa. Koo liliniuma, tezi za shingo zikavimba, kifuani nikatoka vipele vyekundu visivyowasha. Alfajiri nilikuwa nasimama mnadani nimevaa sweta, na bado natetemeka. Nikaenda zahanati moja, nikapimwa malaria, haikuonekana. Nikapewa dawa mseto hata hivyo, na Panadol. Kwa kuwa nilijua nilikotoka, nikaomba nipimwe na VVU. Kidole kikatobolewa, tukasubiri dakika 15, ukatoka mstari mmoja. Aliyenipima akatabasamu: "Uko salama, kaka." Neno la kurudi baada ya miezi mitatu sikuambiwa. Baada ya wiki mbili homa ikaisha, vipele vikafutika, nikarudi kubeba tenga langu.

Mheshimiwa, sikuwa salama. Naomba nieleze kilichokuwa kikiendelea ndani yangu, maana tangu mkufunzi wetu anifafanulie sijapata usingizi wa kulisahau.

Virusi vikishaingia mwilini, kwa siku kumi hivi za mwanzo havionekani kwenye damu. Vinazaliana pale vilipoingilia na kwenye tezi za jirani, kisha vinamwagika mwili mzima. Kati ya wiki ya pili na ya nne, mililita moja tu ya damu inaweza kubeba virusi zaidi ya milioni. Homa ile ni mwili unapigana. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ndani ya mwili, wapiga mbiu ni chembe nyeupe ziitwazo CD4. Ndizo zinazowaita na kuwapanga walinzi wengine. VVU vinamkamata mpiga mbiu mwenyewe, vinaingia ndani yake na kumgeuza kiwanda cha kuzalisha virusi vingine. Na sehemu kubwa ya chembe hizo haiko kwenye damu, iko kwenye kuta za utumbo. Huko zinafyekwa kwa wingi ndani ya wiki chache, wakati mwenye mwili anameza dawa za malaria.

Lakini mwili haukubali kirahisi, na hapa ndipo mimi hustaajabu kazi ya Mungu. Chembe nyingine, za CD8, huanza kuziua zile zilizokwisha kuvamiwa, na wingi wa virusi hushuka. Ndiyo sababu homa yangu ilikwisha. Sio Panadol. Kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, nazo hutokea, ila huchelewa. Kile kipimo cha kidole kinatafuta kingamwili, hakitafuti virusi, na kingamwili zinaweza kuchukua wiki kadhaa, pengine hata miezi mitatu, kufikia kiwango cha kuonekana. Zile zenye nguvu ya kuvizuia virusi huja baadaye zaidi, na zikifika zinakuta virusi vimekwisha kubadili sura. Mstari wangu mmoja haukusema uongo. Ulisema kingamwili hazijaonekana, sisi tukasikia ugonjwa haupo.

Tena wiki hizo, virusi vinapokuwa vingi kiasi hicho, ndizo mtu anapoambukiza wengine kwa urahisi zaidi. Mke wangu ameketi mstari wa pili pale, na ameniruhusu niseme kwamba yeye pia anatumia dawa.

Mwanzoni mwa 2014 nilipima tena, mistari ikatoka miwili. CD4 zangu zilikuwa 612. Mwongozo wa wakati ule ulitaka zishuke hadi 350 ndipo mtu aanzishiwe dawa, kwa hiyo nikaambiwa nisubiri. Simlaumu mtu kwa hilo, kwani jibu kamili la lini mtu aanze dawa lilikuwa halijapatikana. Lilipatikana mwaka 2015, katika utafiti ulioitwa START, wa watu 4,685 kutoka nchi 35, wote wakiwa na CD4 zaidi ya 500 kama mimi. Nusu walianza dawa mara moja, nusu wakasubiri. Majibu yakatolewa kabla ya muda uliopangwa: walioanza mara moja walipunguza kwa asilimia 57 hatari ya kuugua sana au kufa. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 kushuka, na Oktoba 2016 Tanzania nayo ikaanza. Mimi nilimeza kidonge cha kwanza Novemba 2016, zaidi ya miaka mitatu tangu ile homa.

Wenzangu wa Feri watanielewa. Barafu huwekwa samaki akiwa bado mbichi. Ukiichelewesha, haimrudishi samaki alivyokuwa. Inamshika pale ilipomkuta. Dawa nazo hazivifukuzi virusi vyote. Baadhi hujificha ndani ya chembe zilizolala, na hujificha mapema mno: kima wa maabara walioambukizwa virusi vya jamii ya VVU, wakaanzishiwa dawa siku ya tatu tu tangu kuambukizwa, walikutwa virusi vimekwisha kujificha. Lakini anayeanza mapema huwa na maficho machache zaidi na hulinda chembe nyingi zaidi za CD4. Mimi na mke wangu leo virusi havigunduliki kwenye damu yetu. Tunashukuru, ila miaka ile mitatu hairudi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba haya. Mtu mzima akija zahanati na homa, malaria isionekane, aulizwe faraghani na kwa staha kama katika wiki za karibuni alikuwa katika hatari ya kuambukizwa. Swali hilo halihitaji bajeti. Akipimwa na mstari ukatoka mmoja, tarehe ya kurudi iandikwe kwa kalamu kwenye karatasi anayoondoka nayo, isiishie mdomoni. Na aliyekuja ndani ya saa 72 tangu tukio apewe dawa za kuzuia maambukizi za siku 28 hapohapo, asizungushwe hadi saa hizo zikamwishia barabarani.

Ombi la mwisho ni la muda. Sisi wa mnadani tunaingia kazini saa kumi alfajiri, na kijana wa bodaboda hawezi kuacha abiria saa nne asubuhi. Tunaomba siku mbili tu kwa wiki, upimaji ufanyike jioni, hata kwenye hema pale stendi ya Rangi Tatu. Wahitimu wetu 12 watakaa hapo bila posho kwa miezi mitatu ya mwanzo. Majina yao na ratiba waliyojipangia wenyewe vimo kwenye bahasha anayokuletea mtoto sasa hivi.

Naomba kuwasilisha.